Nilivyomtoa Mke Wangu Nikamweka Msusi

Mlioniacha wiki jana nimekaa juu ya boksi la karatasi, mbele ya duka langu lililotiwa kufuli na mwenye nyumba, mnaweza kuniinua sasa. Nilipata pa kuegesha mbavu. Kinyozi wa jirani alinipa kona ya saluni yake, kati ya kioo kilichopasuka na feni isiyozunguka. Nikaweka kompyuta yangu, printa yangu inayokohoa, na kibao kipya: MSHAURI WA PROGRAMU ZA OFISI, NYUMBANI NA BIASHARA NDOGO.

Mashine ya kunakili ilikwisha kwenda na moshi, hiyo mnaikumbuka. Heshima yangu ilikuwa njiani kuifuata, ila mimi sikuwa na habari.

Ya leo ningependa yasimuliwe na mtu mwingine, tena yamhusu mtu mwingine. Bahati mbaya ni yangu.

Msusi aliingia asubuhi, chanuo limechomekwa kichwani kama kalamu ya karani. Ana saluni yake mtaa wa pili na wasichana wanne wanaomfanyia kazi.

"Kaka, wewe ndiye unayejua kompyuta?"

"Ndiye mimi, au mabaki yake."

Kinyozi akadakia huku akimnyoa mtu. "Dada, muulize swali fupi. Ukimuuliza refu utatoka hapa na mvi."

"Nataka programu ya kupanga kazi," akasema msusi. "Wateja wananiandikia kwenye simu. Mmoja anataka Jumamosi saa nne, mwingine Jumamosi hiyohiyo saa hiyohiyo. Juzi wamegongana mlangoni, wakavutana nywele nilizozisuka mwenyewe."

Nikanyoosha kola. Hapo ndipo huwa najisikia mtu.

"Ziko za aina tatu. Kuna ya bure, unaipakua. Inaandika, inapiga hesabu, haikudai kitu. Lakini ukimtumia faili mtu mwenye ile kubwa ya kulipia, mistari inahama, jedwali linavunjika kiuno. Kuna ya bure inayokaa mtandaoni. Humo mnaandika wote kwa pamoja, wewe na wasichana wako, kila mmoja na simu yake. Ila mtandao ukikatika, nawe umekatika. Halafu kuna ile kubwa yenyewe. Inafunguka mtandao uwepo usiwepo. Ina kalenda, ina mahali pa kuhifadhi mafaili, na barua yako ikifika kwa mtu inafika imevaa vizuri."

"Kwa kazi yangu mimi, ipi inanitosha?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi: ile ya bure ya mtandaoni. Kalenda moja, wasichana wanne, basi. Ningemfungulia palepale, angeshukuru, angeondoka.

Lakini ya bure haina changu ndani.

"Kwako wewe, ile kubwa," nikasema. "Kifurushi cha biashara ndogo."

Kinyozi akakohoa. Kinyozi alikuwa anajua.

Ngoja niwaeleze alichokuwa anakijua. Ile programu kubwa inauzwa kwa vifurushi. Kipo cha biashara, ambacho kila mtu analipiwa peke yake. Na kipo cha nyumbani, nafuu zaidi, kinachobeba watu sita: wewe mwenyewe na watano wa familia yako. Kimeandikwa waziwazi kwamba si cha biashara.

Mimi nilinunua kimoja cha nyumbani. Nikawa nawauzia watu nafasi za humo kwa bei ya kile cha biashara.

Kwa hiyo mtandaoni nilikuwa na familia ambayo hakuna mama angekubali kuizaa. Alikuwemo muuza vifaa vya ujenzi tunayemwita Saruji, mwanaume mwenye shingo kama nguzo ya daraja. Alikuwemo mfamasia. Alikuwemo fundi saa. Alikuwemo kinyozi, ambaye nilimpa nafasi yake kama shukrani ya ile kona. Na alikuwemo mke wangu, ambaye ndiye peke yake aliyekuwa na haki ya kuwa humo.

Kinyozi nilimwandikisha vibaya. Programu iliniuliza mwaka wake wa kuzaliwa, nikabonyeza ovyo, ikamchukua kuwa mtoto wa miaka tisa. Mzee mwenye ndevu nyeupe! Tangu siku hiyo kila akitaka kufungua kitu, simu yangu inalia: Mtoto wako anaomba ruhusa.

"Baba," alikuwa akija kusema mbele ya wateja, mikono ameikunja nyuma, "naomba ruhusa niandike bei ya ndevu."

Saluni nzima inaangua kicheko. Nilikuwa nacheka kuliko wote. Niliona ni utani tu, haina shida.

"Naweza kuanza lini?" msusi akauliza.

"Leo hii."

Akalipa palepale. Nikafungua kompyuta nimwingize, na programu ikanijibu bila kumung'unya maneno: Familia imejaa. Ondoa mtu mmoja ili uongeze mwingine.

Nikawapitia mmoja mmoja. Saruji? Angeninyanyua kwa mkono mmoja. Mfamasia? Ndiye tunayemgongea mlango watoto wakishikwa na homa. Fundi saa alikuwa amelipia mwaka mzima na ana kumbukumbu mbaya kwangu, yaani nzuri. Kinyozi alikuwa amesimama nyuma yangu na wembe mkononi.

Akabaki Mama Pacha, mke wangu.

Mke wangu ni mwalimu wa chekechea. Nikajiambia, huyu anaitumia kuandikia nyimbo za watoto na kuchorea vipepeo. Hatagundua. Kesho nitatafuta njia ya kumrudisha. Na hata akigundua, ataelewa.

Nimekuja kujua kwamba mtu husema "ataelewa" juu ya mtu ambaye hana mpango wa kumwambia.

Asubuhi ileile, akiwa amepiga magoti anamfunga mmoja wa pacha kamba za viatu, alikuwa ameniambia, "Baba Pacha, leo ndiyo leo. Saa tano nasimama mbele ya wenye shule. Niombee."

"Haya, haya," nilijibu, macho yangu yako kwenye simu. Maneno yake yalinipita sikioni kama yanakwenda kwa jirani.

Una uhakika unataka kumwondoa mtu huyu? programu ikauliza.

Nikavaa miwani ya mbao. Nikabonyeza ndiyo.

Nikamwingiza msusi, picha yake ikatokea, nywele zimesimama kama mnara wa simu. Nikamwelekeza kalenda ilipo. Simu yangu ikaita mfukoni. Nikaitoa, nikaona ni Mama Pacha. Nikailaza kifudifudi mezani. Mteja yuko mbele yangu, nitampigia.

"Profesa," kinyozi akaniuliza, "si ulisema imejaa? Umemtoa nani?"

"Mtu asiyeitumia sana."

"Nani?"

"Mama Pacha."

Mashine ya kunyolea ikazimwa. Yule mteja kwenye kiti akabaki na nusu ya kichwa.

"Mkeo?"

"Kwenye kompyuta tu."

"Hata mimi ni mwanao kwenye kompyuta tu," akasema kinyozi, "lakini juzi uliponinyima ruhusa niliumia."

Nikataka kucheka. Sikupata nafasi, kwa sababu mlango ulisukumwa na Saruji akaingia, simu ameinyoosha mbele kama anakagua njia kwa tochi.

"Mzee wa programu! Huyu ni nani?"

Kwenye simu yake palikuwa na mnara wa nywele na maandishi ya rangi rangi: Mkaribishe mwanafamilia mpya!

"Huyo ni mteja," nikasema.

"Mteja wa familia ipi? Simu hii alikuwa ameishika mke wangu. Sasa hivi ninavyosema na wewe yuko dukani kwangu amekaa juu ya mifuko, anangoja maelezo!"

"Ni mfumo tu, unatuma salamu wenyewe..."

"Nilikuomba kifurushi cha biashara. Risiti yako inasema biashara. Sasa humu nimebonyeza naona mfamasia, naona fundi saa, naona huyu babu mwenye ndevu eti mtoto. Mimi humu nimeandikwa nani?"

"Mtu mzima," nikasema.

"Nini?"

"Umeandikwa mwanafamilia mtu mzima. Wewe ndiye mwenye nafuu."

Nilidhani utaniokoa utani, kama ulivyoniokoa mara nyingi. Safari hii ulianguka chini, hakuna aliyeuokota.

Saruji hakunipiga. Nilitamani anipige. Aliteremsha sauti, na mtu mwenye shingo ile akiteremsha sauti inaingia mpaka tumboni. "Nilikuamini kwa kuwa nilikuona umefungiwa duka. Nikasema huyu ameshaungua, hawezi kumchoma mwingine. Nitoe humo. Nitoe nikikutazama."

Nikamtoa akinitazama.

Msusi alikuwa bado amesimama pale pale, chanuo sasa liko mkononi. "Subiri, kaka. Nafasi uliyonipa mimi ilikuwa ya mkeo?"

Kinyozi akanijibia kwa kutazama sakafu.

"Mimi nina mume," akasema. "Nafasi ya mke wa mtu siikalii hata kwenye benchi la hospitali. Nitoe na mimi. Na pesa yangu."

Nikamtoa. Nikamrudishia. Aliihesabu mbele ya wote, taratibu, kama anamhesabia mtoto.

Walipoondoka nikajikaza kisabuni. Nikajiambia, basi, nafasi zimepatikana tena mbili. Nikamtumia Mama Pacha mwaliko wa kurudi. Mwaliko umetumwa, unasubiri jibu. Nikampigia. Hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani.

Hapo ndipo yale maneno ya asubuhi, yaliyokuwa yamepita kwenda kwa jirani, yalirudi yakagonga. Saa tano. Wenye shule.

Nilikaa. Kinyozi akamaliza ile nusu ya kichwa, kisha akanielekeza njia ya nyumbani kwa ncha ya wembe.

Nilifika nyumbani mchana bado mweupe. Pacha hawakuwepo, walikuwa wamepelekwa kwa jirani. Mwanamke akiwapeleka watoto kwa jirani kabla hujaingia, mwanaume mwenye akili anabaki nje.

Mimi niliingia.

Alikuwa sebuleni na gauni lake la bluu, lile alilolipiga pasi mara mbili. Amevua viatu, miguu iko juu ya kigoda. Kompyuta yake imefungwa, iko mapajani kama sahani ya mtu aliyekwisha kula.

"Umeshindaje, Mama Pacha?"

"Kaa."

Nikakaa.

"Nilisimama mbele yao," akaanza. "Mwenye shule, mkewe, na wazazi waliochaguliwa. Nikaunganisha kompyuta na ile projekta. Ukurasa wa kwanza ukatoka vizuri ukutani. Wa pili vizuri. Nikasema, sasa nitawaonesha ratiba ya mwaka mzima, namna kila mtoto atakavyosoma, hata yule anayechelewa kushika. Unaijua ile ratiba?"

"Naijua." Nilikuwa nimeiona akiiandika kwenye meza ya hapohapo sebuleni, wiki baada ya wiki. Sikuwahi kuisoma.

"Badala ya ratiba yakatokea maandishi katikati ya ukuta. Makubwa. 'Mmiliki wa kifurushi amekuondoa. Faili hili halitafunguka.'"

"Mama Pacha, hawa watu wa programu siku hizi wanabadilisha masharti bila hata kumwambia mtu. Mtandao nao..."

"Baba Pacha."

Hakupandisha sauti. Uongo wangu, uliokuwa umejipanga foleni mlangoni mwa mdomo, ukatawanyika wote.

"Mzazi mmoja aliniuliza," akaendelea. "'Mwalimu, huyo mmiliki ni nani?' Nikamwambia ni mume wangu. Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningeshukuru. Mwenye shule alisema 'pole,' kama tuko msibani. Nikaomba dakika moja, nikatoka kwenye ukumbi nikakupigia. Nilidhani umebonyeza kwa bahati mbaya, kwamba ukiambiwa utanirudisha palepale."

Ile simu iliyolala kifudifudi. Nilitazama mikono yangu.

"Ulibonyeza kwa bahati mbaya?"

Aliniachia mlango wazi kabisa. Ningesema ndiyo, pengine yangeishia hapo. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu anayenisihi nidanganye vizuri, na sikuweza.

"Hapana," nikasema. "Niliuza nafasi yako."

"Kwa nani?"

"Mteja. Nimeshamtoa."

"Sikuuliza kama umemtoa. Nimeuliza nani."

"Msusi wa mtaa wa pili."

Nje jirani alikuwa anamkemea mmoja wa pacha, sikujua yupi.

"Ni mpenzi wako?"

"Haki ya Mungu hapana! Leo ndiyo mara ya kwanza nimezungumza naye. Hata jina lake silijui vizuri. Hakuna kitu kama hicho, Mama Pacha, nakuapia!"

Nilisema kwa fahari. Ndilo jambo pekee siku hiyo ambalo sikuwa na kosa, nikalishika kwa mikono miwili.

"Afadhali angekuwa," akasema.

"Unasemaje?"

"Kwa mpenzi mtu hupoteza akili. Wewe ulinitoa akili zako zikiwa timamu. Uliwapanga watu wote, ukawapima mmoja mmoja, ukaona mimi ndiye wa kutoka. Si ndivyo?"

Ndivyo. Na alivyosema "ukawapima" niliona kwamba siku zote najisifu ni mtu wa kulinganisha. Nalinganisha ya bure na ya kulipia, ya nyumbani na ya biashara, ipi inafaa, ipi iachwe. Sikujua kwamba siku hiyo nilikuwa nimemweka mke wangu kwenye mizani hiyohiyo.

"Ulikumbuka kwamba leo ndiyo siku yangu?"

"Sikukumbuka."

Hilo ndilo lililomuuma. Msusi hakumuuma. Nililiona likiingia.

"Nimekutumia mwaliko," nikasema haraka. "Ukikubali tu, mafaili yote yanarudi, ratiba yako iko salama, haijapotea. Kesho nitakwenda mwenyewe kwa mwenye shule, nitamweleza kwamba ni mimi. Nitapiga magoti ikibidi."

"Mwaliko wako nimeuona. Leo nimepata miwili. Wako ni wa pili."

"Wa kwanza wa nani?"

"Wa mwenye shule."

Nikasogea ukingoni mwa kiti.

"Nilipokukosa kwenye simu nilirudi ndani," akasema. "Nikaizima projekta. Nikaongea. Nikawachorea ratiba kwa kidole, ukutani, na hakuna walichokiona ila kidole changu. Sauti ilikuwa inanitetemeka mpaka nikaisahau. Nafasi ya ualimu mkuu niliyokuwa naiomba hapa wamempa mwingine. Yeye picha zake zilifunguka."

"Nisamehe."

"Sijamaliza. Nimefika getini, mwenye shule akanifuata. Wanafungua shule mpya, mji mwingine, safari ya siku nzima. Wanataka mwalimu mkuu ambaye mashine ikizimika hazimiki. Amenifungulia akaunti ya shule kwenye programu ileile, palepale, nimesimama. Ile ya kazi kweli. Nafasi yangu peke yangu, hakuna mmiliki ila shule."

Nilitaka kusema hongera. Ikatoka kama kikohozi cha ile printa yangu.

"Wanakutaka lini?"

"Mwezi ujao. Na nyumba ipo, ndani ya uwanja wa shule."

"Nyumba nzuri?" nikauliza. Mtu akiwa na aibu huuliza vitu vya kijinga.

"Ziko mbili. Moja ina chumba kimoja na sebule, mama na watoto wanaenea. Nyingine kubwa kidogo. Mwenye shule aliniuliza anitengee ipi. Akaniuliza, 'Mwalimu, nyumbani mko wangapi?'"

Alishusha miguu kwenye kigoda, akaanza kuvaa viatu vyake polepole.

"Ukamjibu nini?"

Akaiweka kompyuta juu ya kiti alichokuwa amekikalia. Akaenda mlangoni kuwafuata pacha, akanijibu akiwa amenipa mgongo.

"Nimemwambia nitamjibu kesho."